Debe, beseni na mkungu: vina nafasi katika utafiti wa sayansi?

Swali: Mwalimu, salamu kutoka Bweyale. Niko mwaka wa mwisho chuoni, nasomea kilimo, na utafiti wangu unahusu mavuno na bei ya mahindi na matoke hapa wilayani Kiryandongo. Wakulima wananijibu kwa debe, beseni, gunia na mkungu. Shamba wanalitaja kwa ekari, au wanasema "hamsini kwa mia". Msimamizi wangu ameniagiza nigeuze kila kitu kiwe kilo na hekta palepale shambani, nisiandike neno debe hata mara moja, kwa sababu sayansi haina debe. Mwalimu mwingine ananiambia wanasayansi wakubwa nao wana vipimo vyao vya ajabu, kwa hiyo niyaache maneno ya wakulima yalivyo. Nimfuate nani?

Jibu: Ndugu yangu, kila mmoja ameshika kipande cha ukweli, na ukimfuata mmoja wao mpaka mwisho utaharibu kazi yako. Msimamizi wako yuko sahihi kuhusu kitabu utakachokabidhi: matokeo yasomeke kwa kilo, hekta na shilingi kwa kilo, ili mtu wa Gulu, wa Mwanza au wa Hanoi aweze kuyalinganisha na ya kwake. Kuhusu daftari la shambani hayuko sahihi. Daftarini andika ulichoambiwa na ulichokiona: "beseni 3, za kilele, mahindi hayajakauka vizuri". Kugeuza kuwe hatua ya pili. Ufanye ukiwa umetulia, kwa namba ulizozipima mwenyewe, na mtu mwingine aweze kuirudia hesabu hiyo kutoka mwanzo.

Nieleze sababu, nikianza na yule anayesema wanasayansi nao wana vyao. Ni kweli wanavyo. Wanafalaki hupima masafa ya sayari kwa umbali wa Dunia na Jua. Wanaochunguza chembe ndogo huhesabu nishati kwa elektronivolti. Hospitalini, ukipimwa presha unaambiwa 120 kwa 80, na hizo ni milimita za zebaki, ingawa kizio rasmi cha mgandamizo ni paskali. Hata hekta anayoidai msimamizi wako si kizio halisi cha Mfumo wa Kimataifa wa Vizio, ule unaoitwa SI, uliopewa jina hilo mwaka 1960. Kizio chake cha eneo ni mita ya mraba. Hekta imekubaliwa itumike pamoja nao, kama zilivyokubaliwa lita, tani, dakika, saa na siku.

Lakini angalia vipimo hivyo vinafanana wapi. Umbali wa Dunia na Jua, kama kipimo, tangu mwaka 2012 ni mita 149,597,870,700 kamili. Haupungui wala kuongezeka Dunia inapozunguka. Elektronivolti ina thamani yake kamili kwa jouli, kizio rasmi cha nishati, tangu mabadiliko ya vizio yaliyoanza kutumika tarehe 20 Mei 2019, siku ambayo hata kilo yenyewe iliacha kutegemea kile kipande cha madini kilichohifadhiwa karibu na Paris, ikaanza kutegemea namba ya kudumu ya maumbile. Milimita moja ya zebaki ni paskali 133.3, iwe Mulago au Tokyo. Mtu akikuandikia kwa vipimo hivi, unachukua kalamu, unazidisha, unapata jibu lilelile atakalopata mwingine. Havikudhuru, mradi jina la kipimo limeandikwa kando ya namba.

Hapo kwenye jina la kipimo pana hatari ya kweli. Chukua sukari ya damu. Mashine nyingine husoma kwa milimoli kwa lita, nyingine kwa miligramu kwa desilita, na moja ya kwanza ni kama 18 za pili. Sasa mgonjwa anafika kituoni na kikaratasi kimeandikwa "sukari 25", basi. Kama ni milimoli, sukari iko juu sana, sawa na 450 kwa mashine ya pili, na mtu huyo anahitaji kushushiwa sukari haraka. Kama ni miligramu, sukari imeporomoka mpaka 1.4, na ukimpa dawa ya kuishusha unaweza kumuua. Vipimo vyote viwili ni halali na vinajulikana duniani kote. Kilichokosekana ni maandishi madogo baada ya namba. Kwa hiyo daftari lako lisiwe na namba hata moja iliyo uchi, hata pale unapoona kipimo chake kinajulikana na kila mtu.

Ekari ya huko kwako iko kundi hilihili. Haimo katika SI, lakini ina thamani yake: mita za mraba 4,047. Desimali, ambayo madalali wa viwanja hapa Uganda hawaachi kuitaja, ni sehemu moja ya mia ya ekari, yaani mita za mraba 40 na nusu hivi. Kiwanja cha "hamsini kwa mia" ni futi 50 kwa futi 100, karibu mita za mraba 465, kama desimali 11 na nusu. Hapa kugeuza ni hesabu tu. Shida iko kwenye makadirio. Mkulima akikuambia "ekari moja", mara nyingi amekisia, na ukisio una mwelekeo wake. Takwimu za kaya za Uganda za mwaka 2005/06 zilipolinganishwa na vipimo vya GPS, ilionekana kwamba wenye mashamba madogo huyataja makubwa kuliko yalivyo, na wenye mashamba makubwa huyapunguza. Kosa kama hilo halijifuti lenyewe unapochukua wastani. Linageuza hata jibu la swali la nani anavuna zaidi kwa hekta, mkulima mdogo au mkubwa. Kwa hiyo andika ekari aliyoitaja, kisha pima shamba lenyewe. GPS ya simu inafaa kwa shamba kubwa kiasi. Kwa vishamba vya chini ya robo ekari chukua utepe, maana hatua chache za kosa pembezoni zinatosha kuvuruga eneo lote.

Sasa tuje kwenye debe, beseni na mkungu, ambako mwalimu wako wa pili anapotea njia. Hivi havina thamani iliyokubaliwa. Debe la zamani lilikuwa kopo la mafuta ya taa la galoni 4 za Kiingereza, lita 18 na kidogo. Leo wengine wanaita debe chombo chochote cha lita 20. Beseni ni la plastiki, linanunuliwa dukani kwa ukubwa wowote. Gunia la kahawa ya kusafirishwa nje lina kilo 60, na ulimwengu mzima wa biashara ya kahawa unahesabu hivyo. Gunia la mahindi kijijini lina kilo ngapi? Inategemea limeshonwa wapi na limeshindiliwa na nani.

Na msimamizi wako anakosea hapahapa penye ugumu. Amekuambia ugeuze palepale. Utageuza kwa namba gani? Utachukua ile iliyoandikwa kwenye jedwali fulani, kwamba beseni ni lita 15, uzidishe kwa kilo 0.75 za mahindi kwa lita, uandike kilo 11.25. Namba hiyo ina desimali mbili, inaonekana safi, na inaweza kuwa mbali kabisa na mahindi yaliyotoka mikononi mwa mkulima.

Angalia kinachotokea mahindi yanapojazwa mpaka kilele. Punje za mahindi zikimwagwa hujilundika kwa mteremko wa kama digrii 25, na zikizidishwa zinaporomoka. Kwa mteremko huo, ukubwa wa kilele unategemea upana wa mdomo wa chombo tu. Kina chake hakihusiki. Debe la bati lenye mdomo wa mraba wa sentimita 23 linabeba kilele cha karibu lita 1. Juu ya lita 18 hiyo ni nyongeza ndogo, kama asilimia 5. Beseni lenye mdomo wa sentimita 40 linabeba kilele cha karibu lita 4. Juu ya lita 15 hiyo ni zaidi ya robo nzima. Ukiongeza upana wa mdomo mara 2, kilele kinaongezeka mara 8. Ndiyo maana mnunuzi mzoefu hagombani juu ya bei ya beseni. Anakuja na beseni lake mwenyewe, pana na fupi, na anahakikisha kilele kimefika mwisho, kinamwagika kidogo kwenye turubai, ndipo anahesabu "moja".

Sasa tia pesa. Tuseme beseni linanunuliwa kwa shilingi 12,000. Kwa jedwali la lita 15, mkulima amelipwa shilingi 1,067 kwa kilo. Kwa beseni la kilele ametoa kilo 14 na kidogo, kwa hiyo amelipwa kama shilingi 850 kwa kilo. Zaidi ya shilingi 200 kwa kila kilo zimeondoka kwenye kilele, na utafiti uliogeuza palepale hauzioni. Unaandika kwamba bei ya shambani ni nzuri. Hapo ndipo naumia, kwa sababu kitabu chako kitasomwa na ofisa wa wilaya au shirika linalopanga kusaidia wakulima haohao, na watajibiwa kwa namba yako kwamba hakuna tatizo. Kilo iliyokisiwa ni mbaya kuliko beseni lililoandikwa kama lilivyo, kwa sababu beseni linamwambia msomaji bado kuna swali, lakini kilo hiyo imeshalifunga.

Tena uzito peke yake haukumalizii kazi. Mahindi yaliyovunwa karibuni yana maji mengi. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka unyevu usizidi asilimia 13.5. Kilo 100 za mahindi yenye unyevu wa asilimia 20, yakikaushwa mpaka asilimia 13.5, zinabaki kilo 92 na nusu. Kilo 7 na nusu zilikuwa maji. Kwa hiyo ukilinganisha mkulima aliyeuza Julai akiwa na haraka ya ada na aliyesubiri mpaka mahindi yakakauka, mizani ileile, kilo zilezile, utakuwa unalinganisha vitu viwili tofauti. Azima kipima unyevu hata kwa siku chache, au angalau andika kama mahindi ni mabichi, nusu makavu au makavu, na ueleze ulitofautisha vipi.

Na hata kizio cha SI kikiandikwa vizuri, bado unahitaji kusema umeanzia kuhesabu wapi. Mfano mzuri tunao hapa kwetu. Kiwango cha maji ya Ziwa Viktoria husomwa kwenye kipimo cha Jinja, na mwaka 1964, baada ya mvua kubwa zilizoanza 1961, kilisomeka mita 13.41. Mita ni kizio halali kabisa. Lakini mita 13.41 si kina cha ziwa, ambalo linafika mita 80 hivi penye kina kirefu, wala si urefu kutoka usawa wa bahari, ambao ni zaidi ya mita 1,130. Ni urefu kutoka sifuri ya kipimo kile cha Jinja. Watu wa maji hawajaitupa sifuri hiyo, na wamefanya vema, kwa sababu ndiyo inayounganisha namba za leo na za miaka ya nyuma. Wangeigeuza kila kizazi kwa kanuni mpya bila kuacha namba za awali, leo tusingejua kwa uhakika kama mafuriko ya mwaka 2020 yalifikia yale ya 1964. Hii ni sababu nyingine ya kutofuta kipimo cha asili kwenye kumbukumbu.

Saa nazo ni hivyohivyo. Wasaidizi wako wa Bweyale wakiandika "saa 2", wengi wao wanamaanisha saa mbili ya asubuhi, yaani 8:00 kwenye simu. Mmoja aliyezoea saa ya Kizungu atamaanisha 2:00 mchana. Waelekeze wote waandike kwa saa 24 kutoka kwenye simu, 08:00 au 14:00, na jambo hilo liishe siku ya kwanza.

Basi nikuambie ningefanyaje ningekuwa mimi. Kabla ya mahojiano, tafuta mizani ya kuning'iniza iliyohakikiwa na kutiwa muhuri na Shirika la Viwango la Taifa, UNBS. Kama mizani ya chuo haina muhuri, tafuta mawe ya mizani yanayoaminika uijaribu nayo asubuhi kabla ya kutoka na jioni ukirudi, na uandike ilichosoma. Nenda kila soko utakalolifanyia utafiti, siku ya soko, na upime mabeseni halisi ya wafanyabiashara halisi, kama 30 kila soko ukiweza. Pima kwanza beseni tupu, kisha lililojaa kama mwenyewe anavyolijaza. Usimsaidie kujaza wala usimwambie asawazishe. Pima mdomo wa beseni kwa utepe. Andika nani alijaza: anayeuza au anayenunua. Na kama unaweza, mpime mnunuzi huyohuyo anaponunua kwa mkulima na anapouza mjini; usidhani ujazo ni uleule.

Utakachopata si namba moja. Tuseme wastani wa soko moja ni kilo 14.0, na mabeseni yanatawanyika kilo 1.5 hivi juu na chini. Wote wawili, wastani na mtawanyiko, waingie kitabuni. Mtawanyiko huo ni kama asilimia 11, na hauondoki unapogawanya bei kwa kilo. Unakwenda nao mpaka kwenye jibu la mwisho. Ukiona tofauti ya bei ya asilimia 5 kati ya vijiji viwili na kila kijiji una kaya chache tu, usiishangilie kabla hujaangalia kama haikutokana na mabeseni yenyewe. Na soko moja lisikopeshe wastani wake kwa lingine, hata kama yako barabara moja.

Mkungu wa matoke una tabu zake. Watu wa Ofisi ya Takwimu, UBOS, katika utafiti wao wa kaya huutenga kuwa mkubwa, wa kati na mdogo, na wewe fanya hivyo. Lakini mkubwa wa Kiryandongo si mkubwa wa Mbarara. Piga picha za mikungu michache iliyopimwa, rula ikiwa kando, umwonyeshe mkulima achague unaofanana na wake. Amua mapema kama unapima na kikonyo au bila, uandike. Wakulima wengi huhesabu mikungu waliyouza lakini husahau ile iliyoliwa nyumbani, kwa sababu hukatwa mmoja mmoja wiki baada ya wiki. Kwa hiyo uliza juu ya wiki iliyopita badala ya msimu mzima.

Kwenye karatasi za data weka safu ya namba kama ilivyotajwa, safu ya kipimo kilichotajwa, safu ya hali ya ujazo na unyevu, kisha, mbali kidogo, safu ya kilo ulizozikokotoa na kando yake namba ya kuzidishia uliyotumia. Usifute hata moja ya safu za kwanza baada ya kupata ya mwisho. Mtu atakayekuja miaka kumi baadaye, akiwa na vipimo bora vya mabeseni ya Bweyale, ataweza kurekebisha kazi yako kwa alasiri moja badala ya kuitupa.

Kuhusu msimamizi wako, usiende kwake na mabishano. Mpelekee jedwali dogo la mabeseni ya soko moja, lenye uzito wa beseni tupu, uzito wa lililojaa, upana wa mdomo na bei iliyolipwa, halafu umwonyeshe bei kwa kilo ikikokotolewa kwa lita 15 za jedwali na ikikokotolewa kwa mizani. Mwombe ruhusa ya kuandika sehemu ya mbinu hivi: data zilikusanywa kwa vipimo vinavyotumiwa na wakulima, vipimo hivyo vilipimwa kwa mizani iliyohakikiwa katika masoko yaliyotajwa, matokeo yote yametolewa kwa vizio vya kimataifa pamoja na mtawanyiko wake, data za awali ziko kwenye kiambatisho. Hapo atapata kilo na hekta zake katika kila jedwali la kitabu, na neno debe litakuwa limeonekana mahali pale tu linapohitajika. Akikataa kiambatisho kwa sababu ya kurasa, data zihifadhiwe kwenye faili idarani, na sentensi moja ya kitabu iseme ziko wapi.